Nakula dodo (mchicha) kila siku, mbona damu iko chini?

SWALI: Shikamoo dokta, niko Jinja, nakula dodo na maharage karibu kila siku lakini nikipimwa damu iko chini tu, tena siku hizi miguu inakufa ganzi. Vidonge vya ulcers (vidonda vya tumbo) nameza mwaka wa 3 sasa. Shida nini?

JIBU: Marahaba dada. Kula ni kitu kimoja, mwili kunyonya ni kingine kabisa. Madini ya chuma ya mboga yananyonywa kidogo kuliko ya nyama, halafu ukishushia na chai (na sisi Waganda chai hatuachi!) ndo yanazuiwa zaidi, so chai ingoje kama saa 1 hivi, kwenye chakula kamulia ndimu. Ila mimi nashuku hivyo vidonge, kama ni omeprazole inapunguza asidi ya tumbo na bila asidi chuma na vitamini B12 havitoki vizuri kwenye chakula, na hiyo ganzi inanifanya niwaze B12 yako imepungua, na dodo haina B12. Usiache dawa kienyeji, mwambie daktari akupime B12, bakteria wa ulcers na minyoo pia.