Mwanga si joto: kwa wewe uliyeunguliwa na miche huku kaskazini

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia ujumbe mrefu. Naye anaishi kaskazini mwa Uswidi kama mimi, mji mwingine lakini pwani hiihii. Miche yake yote ya nyanya ilikufa Juni kwa baridi ya usiku mmoja. Akamaliza hivi: "Kaka, mimi si mvivu. Nimelima tangu mtoto. Lakini huku nimeacha."

Nilisoma ujumbe ule mara tatu. Halafu nikaona kumjibu peke yake haitoshi, kwa sababu najua ninyi mnaosoma hapa mnataka kitu kilekile tunachokitaka mimi na yeye: kuinama, kuchuma mboga yako mwenyewe, kuipeleka jikoni ikiwa bado ina umande. Si kununua kifuko cha majani manane yaliyosafiri kuliko wewe.

Basi nianze na aibu yangu. Nilifika Umeå, mji ninaoishi huku, wakati wa baridi, Desemba, mwezi ambao mchana wake wote ni saa nne na nusu hivi. Unakunywa chai, unafua nguo, jua limeshazama. Kwa hiyo Mei ilipofika na mwanga ukaanza kumwagika nililewa. Sina neno jingine. Katikati ya Juni hapa jua huzama karibu saa tano usiku na kuchomoza saa nane na kitu. Saa nane usiku! Na hata hapo katikati giza lenyewe haliji, unaweza kusoma gazeti dirishani bila taa. Mtu wa ikweta akiona jua la namna hiyo moyo unamwambia panda.

Nami nikapanda. Nilikuwa nimekodi kipande kidogo cha bustani chini ya mteremko. Miche 42 ya nyanya niliyoilea dirishani tangu Machi, mistari minne ya maharage, na mchicha. Mwisho wa Mei vyote vilikuwa ardhini na nilipiga picha nikawatumia ndugu nyumbani. Wakanisifu sana, na mimi sikukataa sifa.

Usiku wa tarehe 4 Juni anga lilikuwa safi, hakuna upepo hata wa kutikisa jani. Simu ilisema nyuzi 3. Nikalala vizuri, maana 3 si sifuri. Asubuhi nilikuta majani meusi, malegevu, kama mboga iliyochemshwa ikasahaulika jikoni. Nyanya zote, maharage yote. Mchicha nao haukuwa na maana tena. Bwana mmoja wa kiwanja cha pili aliniangalia, akatabasamu, akasema, "Hapa si Afrika." Akaendelea kumwagilia kabichi zake. Neno lenyewe halikuwa baya sana, najua. Lakini siku ile lilinichoma kuliko baridi, na miaka sita baadaye bado naweza kukuonyesha mahali alipokuwa amesimama.

Aliyenisaidia ni bibi mmoja mwenye kiwanja cha juu ya mteremko. Alikuja na chupa ya kahawa, akakaa, hakucheka. Aliniambia usiku kama ule wenyeji wana jina lake kabisa, järnnätter, yaani usiku wa chuma. Mwanzo wa Juni wanautarajia kama sisi tunavyotarajia mvua za masika. Kisha akanieleza nilichokosea, na hiki ndicho ninachotaka ukishike hata ukisahau mengine yote: simu hukupa joto la hewa ya karibu mita mbili juu ya ardhi. Nyanya haiishi juu huko. Usiku ukiwa na mawingu, mawingu hufanya kazi ya blanketi. Anga likiwa halina wingu na upepo umetulia, udongo hupoteza joto lake moja kwa moja kwenda juu, na hewa ya chini kabisa inaweza kushuka nyuzi kadhaa kuliko ile ya simu. Tena hewa baridi ni nzito, hutiririka kama maji kuelekea bondeni. Na kiwanja changu kiko wapi? Bondeni.

"Usitazame jua," alisema. "Tazama miti."

Umeå uliungua sehemu kubwa mwaka 1888, na ulipojengwa upya walipanda barabarani ile miti yenye magome meupe wanayoiita björk, ili moto usiruke kirahisi kutoka mtaa hadi mtaa. Imejaa mji mzima. Kanuni ya wazee ni kwamba viazi unapanda majani ya miti hiyo yakifikia ukubwa wa sikio la panya. Nilidhani ni utani. Lakini mti unahisi joto la siku nyingi zilizopita, haudanganywi na jua la siku moja, na mimi nilidanganywa.

Mwaka wa pili nilipanda viazi tu, hakuna la kusimulia.

Tangu hapo sikurupuki. Nina kipimajoto cha kuchomeka ardhini: viazi nasubiri udongo ufike nyuzi 8, maharage 12. Nyanya haziendi nje kabla ya katikati ya Juni, na hata hapo zinalala chini ya kitambaa cheupe chepesi cha kufunikia mimea. Subiri. Jirani akipanda mapema, mwache, subiri. Mwanga si joto. Udongo wa pwani hii ulikuwa chini ya bahari, na nchi bado inainuka karibu sentimita 1 kila mwaka tangu ile barafu kuu ya zamani ilipoyeyuka na kuipunguzia mzigo. Udongo wa namna hiyo ni mzito na unachelewa kupata moto. Wewe una haraka, wenyewe hauna.

Na acha kulazimisha mboga zisizotaka. Spinachi ya kwao ukiipanda Mei, mchana ule mrefu unaifanya itoe maua kabla hujala. Ipande mwishoni mwa Julai. Mchicha bila paa la plastiki ni kujitesa. Lakini sukuma wiki, ndugu zangu! Ile ya majani ya kujikunja hupigwa na baridi ya Oktoba ikageuza wanga wake kuwa sukari, na inakuwa tamu kuliko ya Agosti. Kitunguu saumu nacho nakipanda Septemba mwishoni, nakifunika majani makavu, theluji inakilinda miezi yote, na ndicho cha kwanza kuchungulia. Mwaka jana yule bwana wa "hapa si Afrika" alikuja kuniuliza mbegu nilipata wapi. Nilimpa vichwa vitatu. Sikusema kitu. Sawa, nilisema kidogo.

Kwa hiyo dada, usiniambie umeacha. Umepoteza miche, hujapoteza mkono. Tunaotoka kwenye jembe tuna kiburi kimoja, tunadhani tukijua udongo mmoja tumejua udongo wote, na kiburi hicho lazima tukishushe kwanza ndipo tushike mbegu. Nasema hivi kwa ukali kwa sababu mimi mwenyewe niliambiwa kwa upole na nilichukua miaka miwili kusikia. Nunua kitunguu saumu wiki hii. Bado una muda.

Ningeandika zaidi, ila leo ni tarehe 9 Septemba, saa kumi na mbili jioni, nimetoka kuangalia nje. Hakuna wingu. Bendera ya shule ya ng'ambo imening'inia tu. Simu inasema nyuzi 4, na maboga yangu mawili bado yako bondeni.