Sukari baada ya chakula: 7.8 au 10?

SWALI: Assalamu alaykum. Mama yetu ana umri wa miaka 71 na anaishi na kisukari mwaka wa kumi na mbili sasa. Anakunywa metfomini na glibenklamidi. Juzi, muda wa saa mbili tangu ale wali wa nazi kwa mchuzi wa pweza, kipimo cha sukari kilionyesha 9.6 (milimoli kwa lita). Kaka yangu anashikilia kwamba haifai kuzidi 7.8, na tangu siku hiyo amempunguzia mama chakula cha usiku hata kimebakia kikombe cha uji. Mimi niliambiwa na muuguzi kwamba chini ya 10 inatosha. Usiku wa Alhamisi mama aliamka ametota jasho na mikono ikimtetemeka. Nani kati yetu ameshika lililo sahihi?
Msomaji, Wete, Pemba

JAWABU: Waalaykum salaam. Nitaanza na lile jasho, kwa sababu ndilo lililonitia hofu zaidi kuliko 9.6. Glibenklamidi hulichochea kongosho litoe insulini, homoni inayoshusha sukari, hata kama mgonjwa hakula, kwa hiyo kupunguza chakula huku dozi ikibaki ile ile ni njia ya kuishusha sukari kupita kiasi, na jasho na mtetemeko ni dalili zake. Mrudishieni mama chakula chake cha usiku leo hii, na kesho mpelekeni kwa daktari wake aiangalie upya dawa hiyo. Dalili zikirudi, mpimeni hapo hapo. Ikiwa chini ya 3.9, mpeni vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, mpimeni tena baada ya dakika 15, kisha ale. Akiwa hajitambui, msimtie kitu chochote kinywani, mkimbizeni hospitali.

Ama tarakimu zenu, zote mbili zina asili yake. Mtu asiye na kisukari, akinyweshwa gramu 75 za glukosi katika uchunguzi, hutarajiwa kuwa chini ya 7.8 baada ya saa mbili. Hicho ni kipimo cha kutambua ugonjwa, wala hakikuwekwa kwa ajili ya mzee anayekunywa dawa. Ni kweli kwamba mwaka 2007 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari liliipendekeza 7.8 hata kwa wagonjwa, lakini mwaka 2011 lenyewe lilipandisha hadi 9.0. Jumuiya ya Kisukari ya Marekani inasema chini ya 10.0 kwa watu wazima wengi wasio wajawazito, ikihesabu saa moja hadi mbili tangu mlo ulipoanza. Mjamzito ndiye anayebanwa zaidi: 7.8 baada ya saa moja, 6.7 baada ya saa mbili. Kaka yako, kwa mapenzi yake kwa mama, amemvika kanzu iliyoshonewa mtu mwingine.

Tena kuibana sukari sana kuna gharama. Utafiti wa ACCORD, uliofanyika Marekani na Kanada kwa wagonjwa zaidi ya 10,000 wenye kisukari cha aina ya pili waliokuwa katika hatari kubwa ya maradhi ya moyo, ulilazimika kusitisha matibabu ya kundi lililobanwa zaidi mwaka 2008, kwa kuwa vifo katika kundi hilo vilikuwa vingi kuliko katika kundi lililoachiwa nafasi. Kwa mama wa miaka 71, mwenye dawa inayoweza kumshusha usiku, mimi ninasimama upande wa muuguzi.

Hata hiyo 9.6 isichukuliwe kama mizani ya dhahabu. Kiwango cha kimataifa cha mashine za nyumbani huruhusu tofauti ya asilimia 15 juu au chini, kwa hiyo sukari yake halisi huenda ilikuwa 8.5 au 10.5. Na kama alikuwa amemenya embe au amekata halua, chembe ya utamu iliyobaki kidoleni hutosha kuipandisha namba. Anawe kwa sabuni, ajifute mpaka akauke, ndipo achomwe. Saa nayo ihesabiwe tangu tonge la kwanza, si tangu sahani ilipoondolewa.

Wali asinyimwe. Upunguzwe kidogo mchana, na nafasi yake ijazwe na mboga na huyo pweza, huku tui likiwa jepesi. Andikeni katika daftari kila kipimo, saa yake na alichokula, na mnapokwenda kwa daktari nendeni nalo, likiwa na habari ya usiku ule wa Alhamisi.