Ukienda Kufanya Kazi Nairobi, Chagua Burudani Yako Mwenyewe

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha nne yanapotoka na vyuo vinapofanya mahafali, vijana wa Malindi hupanda basi kwenda Nairobi kutafuta kazi, na wazazi huwafuata hadi kituoni wakiwapa nasaha za kila namna: wasali, wasikope ovyo, waangalie marafiki. Nasaha hizo zote nazikubali. Hata hivyo, kwa kuwa nilifanya kazi ya uhasibu Nairobi kwa miaka mingi kabla ya kurejea nyumbani Shella, hapa Malindi, naona kuna moja ambayo sijawasikia wazazi wakiitaja, nayo ni kwamba kijana achague mwenyewe burudani yake na kuipangia saa na mahali. Katika mji ule asiyechagua huchaguliwa, na mikosi mingi midogo midogo inayomfanya mtu auchukie mji na kazi yake pia huanzia hapo.

Safari ndiyo mahali pa kwanza. Anayeishi Githurai, Kayole au Ongata Rongai hukaa ndani ya matatu asubuhi na jioni, na mvua ikinyesha barabara hufunga, nauli hupanda, na safari iliyozoeleka kuwa fupi hula jioni nzima. Humo ndani burudani imekwisha kuchaguliwa kwa niaba yako: skrini, taa za rangi, na muziki unaotikisa viti. Mimi si mtu wa kuyabeza manyanga, yaani hizo matatu zilizopambwa. Michoro yake ni kazi ya mikono ya vijana wenye vipaji, na nafurahi kwamba sanaa hiyo ilihimili hata zile sheria za mwaka 2004 za Waziri John Michuki, zilizoleta mikanda ya viti, vidhibiti mwendo na mstari wa njano ubavuni mwa matatu. Ninachokipinga ni sauti. Taasisi ya Marekani inayochunguza usalama na afya ya wafanyakazi hupendekeza kwamba mtu asikae kwenye kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo upunguzwe kwa nusu. Kwa hesabu hiyo, kelele ikifika desibeli 100 mtu amebakiwa na dakika 15 tu, na hakuna safari ya Rongai ya dakika 15 saa ya watu kutoka kazini. Kwa hiyo, ikiwa gari lililo mbele yako limewasha muziki wa kukufanya upige kelele ili kondakta akusikie, liache liende, usubiri la wazee walionyamaza. Ukilazimika kulipanda, kaa mbele, mbali na spika. Kichwa kinachofika ofisini kikivuma hukosea hesabu, na makosa ya saa tatu asubuhi nimeyasahihisha mengi kwenye vitabu vya wenzangu.

Simu nayo ina habari yake. Mpwa wangu alipoanza kazi katika ghala moja Eneo la Viwanda, alizoea kukaa dirishani upande wa kushoto, unaopakana na njia ya wapita kwa miguu, akitazama mabao ya usiku uliotangulia. Siku moja gari liliposimama kwenye foleni, mkono uliingia kwenye ile nafasi ya dirisha la kuteleza, haikuwa pana hata kuliko kitabu, ukaibana simu kwa vidole viwili na kuichomoa. Alifika kwangu jioni akiwa na waya wa visikizi umemning'inia shingoni.

"Mjomba, hata uso wake sikuuona," akaniambia.

"Mwanangu, uso wake tutautafuta baadaye. Laini umeifunga?"

Hakuwa ameifunga. Tulipiga simu kwa mtandao wake kabla hajavua viatu, kwa sababu simu ya Mkenya wa leo ni benki. M-Pesa ipo tangu 2007, M-Shwari, ya kuweka akiba na kukopa, ikaja 2012, na Fuliza, ya kukopa salio lisipotosha, 2019, na mwizi akiipata namba ya siri anaweza kukopa kwa jina lako deni litakalokusubiri hata baada ya kununua simu nyingine. Funga laini kwanza, kisha nenda polisi uandikishe na upewe hati ya taarifa, ukiwa na ile namba ya utambulisho ya simu yenye tarakimu 15 ambayo ungepaswa kuwa umeinakili nyumbani siku uliyoinunua; hupatikana kwa kubonyeza *#06#. Na safari zinazofuata, ukitaka kutazama kitu, kaa kiti cha ndani, au dirisha lifungwe. Kusikiliza ni salama zaidi kuliko kutazama, kwa kuwa simu inaweza kubaki mfukoni.

Mkosi mwingine wa aina hiyo hiyo niliuona ofisini mara nyingi, hasa mwisho wa mwezi, wakati watu wanapolipa kodi ya nyumba huku jicho moja likiwa kwenye vile vichekesho vifupi visivyokwisha. Tarakimu moja ikibadilika, kodi imekwenda kwa mtu usiyemjua. Jina la mpokeaji huonyeshwa kabla hujakamilisha, na lisomwe lote. Ikiwa fedha zimeshakwenda, upeleke ujumbe wa muamala wa M-Pesa kwenye namba 456 papo hapo, kwa kuwa fedha zikishatolewa na aliyezipokea, kuzirudisha huwa ni kazi nyingine kabisa. Vichekesho vyenyewe sina ugomvi navyo. Vijana wetu wamejiajiri kwavyo, na vingine vina akili. Ila visichanganywe na fedha.

Sasa niuzungumzie mpira, ambao naupenda na ambao umewaharibia wengi kazi. Hapa Malindi mechi ikiisha kwenye banda la Barani au Maweni, kijana hutembea kidogo tu hadi kwao, na asubuhi hana foleni ya kuifikiria. Nairobi hesabu ni nyingine. Mechi nyingi za Ligi ya Mabingwa ya Ulaya huanza saa nne usiku kwa saa zetu, lakini baada ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Wazungu wanaporudisha saa zao nyuma, huanza saa tano, na hali hiyo hudumu mpaka Jumapili ya mwisho ya Machi. Jumlisha dakika 90, mapumziko na nyongeza, filimbi ya mwisho hulia ikikaribia saa saba usiku. Anayeamka saa kumi na moja ili awahi gari amepata usingizi wa saa nne, ilhali mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi. Ndiye huyo anayepitilizwa kituo chake asubuhi, ndiye anayesahau mkoba wa kompyuta ya kampuni chini ya kiti, kisha akaambiwa na wenzake kwamba ana nuksi. Ushauri wangu ni kwamba ratiba ya mechi isomwe mwanzoni mwa wiki kama inavyosomwa ratiba ya kazi: ichaguliwe mechi moja ya katikati ya wiki, ile kubwa, na hizo nyingine zitazamwe kwa muhtasari mchana wakati wa chakula. Mechi za Jumamosi jioni, saa kumi na moja au kumi na mbili kufuatana na msimu, hazimdhuru mtu, na hizo ndizo za kuzitazama na marafiki.

Kubeti kunaniuma zaidi, kwa kuwa kumeugeuza mchezo kuwa karaha hata kwa wale wanaoupenda kwa dhati. Nimemwona kijana mwenye mshahara mzuri akitazama timu yake ikishinda huku amejiinamia, kwa vile mkeka wake, yaani orodha ya mechi alizobetia, ulikuwa umechanwa na mechi nyingine huko Ureno. Tuseme amechagua mechi kumi, na kila moja ana nafasi nusu kwa nusu ya kupatia. Uwezekano wa kupatia zote kumi ni mmoja kati ya 1,024. Hesabu hiyo haihitaji mhasibu. Andika mbili mara kumi, uzizidishe zote pamoja, utaiona mwenyewe. Ukiwa unataka mpira ukuburudishe, usiweke nauli yako ndani yake. Katika hili sina njia ya katikati ya kumpendekezea mtu.

Kwenye runinga ndipo maoni yangu yanapokuwa makali kidogo, na kijana wa Pwani ajiandae, kwa kuwa atakayoyaona huko yatamfuata hadi mezani pa kazi. Tangu Kenya ihamie matangazo ya dijitali mwaka 2015, vituo vimeongezeka na vinahitaji vipindi, kwa hiyo tamthilia za Kiswahili zimekuwa nyingi. Ni neema, na waigizaji wengi kutoka kwetu wamepata riziki humo. Lakini mtazame mhusika wa Pwani katika nyingi ya tamthilia hizo. Ama ni mganga, ama ni mvivu anayelala kivulini akisubiri nazi ianguke, ama ni mwanamke anayempelekea mwenziwe majini kwa sababu ya mume, na lafudhi anayosemea si ya Lamu, si ya Malindi, wala si ya Mombasa. Anayekaa mbali hulichukua hilo kuwa kweli. Mwenzangu mmoja ofisini, mtu mwema kabisa, aliniuliza mbele ya watu kama ni kweli kwetu paka wa usiku ni binadamu, na kama ndiyo sababu hatupendi kazi.

Kijana akiulizwa hivyo asikasirike, wala asicheke pamoja nao ili mambo yapite. Ajibu kwa upole na kwa mifano. Mimi nilimweleza kwamba wavuvi wa Malindi hutoka kabla ya alfajiri, kwamba miezi ya kusi bahari huchafuka na mtu hulazimika kuijua kazi yake sawasawa ili arudi salama, na kwamba msimu mzuri huja na kaskazi, mwisho wa mwaka. Nikamwambia habari za Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama aliyewakusanya watu wake dhidi ya Waingereza mwaka 1913, akakamatwa, akapelekwa uhamishoni hadi Kisii, akatoroka na kurudi kwao. Habari hiyo ilimshangaza, kwa sababu hajaiona ikipewa nafasi katika tamthilia yoyote ya jioni. Na Gede je, mji wa mawe ulio karibu nasi hapa, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024? Mwandishi wa tamthilia akitaka fumbo, pale kuna mji mzima ulioachwa na wenyeji wake, wenye misikiti, visima na jumba la mfalme. Hana haja ya kumwazima paka. Nawaomba vijana wetu walioingia katika uandishi na uigizaji wayasukume mambo haya huko ndani, hata kama mwanzoni watapewa mstari mmoja tu wa kusema.

Kuhusu tamthilia za kigeni, za Uturuki, Ufilipino na Meksiko, sitasema mengi. Humpa mtu anayeishi peke yake sauti nyumbani, na upweke wa chumba kimoja Nairobi si jambo la kudharau. Mama mmoja tuliyefanya kazi naye alikuwa akitazama moja tu kila usiku, kwa wakati mmoja na binti yake aliyeolewa Lamu, kisha wakapigiana simu kuijadili. Utaratibu huo nauona wa busara, kwa kuwa ile tamthilia ilikuwa inawapa jambo la kuzungumza.

Muziki wa nyumbani nao ufungashwe na uende. Taarabu katika masikio ya watu wengi wa bara ni mipasho tu, na hawajui upande wake wa ushairi. Siti binti Saad wa Unguja alirekodi nyimbo zake Bombay mwaka 1928, na Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefariki Mombasa mwaka 2016, aliuchukua udi, ile ala ya nyuzi, na tungo za kale za Kiswahili akavifanya kitu kimoja. Jioni nilizorudi nimechoka na foleni, udi wa Zein ndio ulionituliza, kwa sauti ya chini, mlango umefungwa. Bongo Fleva sina sababu ya kuikataa. Inafaa siku ya kufua na kupiga deki, ingawa kwa maoni yangu nyimbo nyingi za miaka hii zinazungumzia mapenzi na fedha bila kusema jambo jipya kuhusu lolote kati ya hayo mawili.

Limebaki la Ijumaa. Wenzako wa kazini watataka mtoke, na ukikataa kila mara watakuona una maringo, kumbe labda ni fedha huna, au mahali wanapokwenda hapakufai. Usisubiri jioni ndipo utoe udhuru. Waambie mapema, wakati wa chakula cha mchana, kwamba utakwenda nao kula na utawaaga saa mbili usiku, na uwe wewe wa kutaja mahali, kwa mfano mkahawa wa pilau Eastleigh au South C, ambako wote mtakaa kwa raha. Nauli ya kurudi iweke mfuko mwingine kabla hamjatoka ofisini, na umpe mwenzako mmoja anayeaminika namba ya mtu wa nyumbani kwenu.