Cha kuazima kina mwenyewe

Mwanangu Masanja,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na miwani. Unauliza kama ni upumbavu kumvisha mchumba wako pete ya almasi ya shilingi 4,200,000, kwa kuwa rafiki zake wamesema kipimo ni mishahara ya miezi mitatu. Halafu mwishoni, kama mtu anayeaga yuko mlangoni, unasema umeshaongea na watu wa SACCOS wakukopeshe. Bei nitaigusa, ila kilichoninyima usingizi ni hiyo SACCOS. Cha kuazima kina mwenyewe. Najua unacheka, umeanza kuusikia wimbo huo tangu uliporudisha baiskeli ya watu haina taa.

Hicho kipimo cha mishahara hakikuachwa na wazee wa nchi yoyote. Ni matangazo ya De Beers, wauzaji wa almasi: Wamarekani waliambiwa miezi miwili, Wajapani mitatu. Sisi hata hatukupangiwa, tumejibebea cha Wajapani.

Babu yako alikaa kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui miaka 22, na alichopenda kusimulia ni grisi. Almasi hailowani kama mawe mengine. Kokoto zikipitishwa na maji juu ya meza iliyopakwa grisi, zote zinateleza, almasi inanasa. Alisema ukiiona imenasa pale utadhani ni kipande cha chupa. Yule Williamson aliyeligundua shimo mwaka 1940 alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth almasi ya waridi ya karati 54 alipoolewa 1947, na mwenyewe akafa 1958 hajaoa. Babu yako akifika hapo alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Na siku ya shida, wewe ipeleke hiyo pete kwa sonara uone: dhahabu ataipima kwa gramu akulipe, jiwe ataligeuzageuza, kisha akupe maneno.

Sasa nikwambie la mama yako, maana hukuwahi kulisikia kutoka kwangu. Mashangazi zako wamekusimulia kwa vicheko, na wameruka kipande changu.

Mwaka 1984 ng'ombe wa mahari walikuwa wamefika wote, hakuna aliyetudai hata ndama. Padre ndiye aliyetaka pete. Pete utaipata wapi mwaka ule, wakati sabuni yenyewe tuliipangia foleni na kugawana kipande? Tukaazima kwa mama mmoja wa pale senta. Jina lake unalijua, silitaji. Ilikuwa ya dhahabu, nyembamba kama jani la kitunguu. Kanisani iliingia vizuri, mama yako akaunyanyua mkono kila mtu aione.

Saa nne usiku, ngoma imepamba moto, yule mama akaja mpaka mbele ya wazee. Akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Naomba changu, kesho nasafiri." Mama yako alikuwa ameshikana mikono na kijiji kizima tangu mchana na kucheza juani. Kidole kimevimba. Pete ikazunguka, haitoki. Sabuni hakuna. Mafuta ya kupikia yalikuwa yameishia kwenye pilau. Shangazi yako mkubwa ndiye aliyemvuta bibi harusi mpaka jikoni, akamchovya mkono kwenye chungu cha mlenda, akakivuta kile kidole kama anayekamua ng'ombe. Pete ikachomoka, ikatumbukia mlendani. Wanawake watano wakaanza kuvua kwa miiko, taa ya chemli imeinuliwa juu, na mama yako katikati yao anacheka mpaka machozi yanamtoka, mkono mzima unavuta utelezi.

Mimi sikucheka. Nilisimama mlangoni na suti, nayo ya kuazima, namtazama yule mama akiifuta pete yake kwenye khanga na kuivaa palepale. Niliapa siku ile.

Unakumbuka kiinua mgongo changu kilipotoka 2016? Ulidhani nilikwenda Mwanza kufuata mabati. Mabati yalikuwa ya baadaye. Nilinunua pete kwanza, taslimu, ya dhahabu, haina jiwe. Jumapili iliyofuata nikamwambia mama yako tupite njia ya senta, ingawa ni mzunguko. Yule mama alikuwa ameketi barazani anapepeta mchele. Akatusalimia vizuri, akatuuliza kama mvua imenyesha kwetu, akamshika mama yako mkono uleule akakaa nao dakika nzima, wala hakutazama kidole. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo miaka 32.

Mama yako aliivaa Jumapili tatu. Kisha nikaikuta kwenye kopo la majani ya chai pamoja na karatasi za kiwanja. Nilipomuuliza akasema inamsumbua akifua. Basi.

Kwa hiyo unaponiuliza kama ni haki kutumia fedha nyingi kwa pete, unamuuliza mtu aliyeshazitumia. Nilimnunulia nani? Nikijibu kwa ukweli, nilimnunulia yule mama wa barazani. Lakini pia siwezi kukwambia pete ni bati tu, maana ingekuwa bati tu nisingeumia vile, na mama yako asingenyanyua mkono kanisani. Mtu anataka kuonekana kuwa amethaminiwa, na sioni dhambi hapo. Huyo binti kama anaitaka, anaitaka. Je, umemuuliza yeye, au umewasikia rafiki zake? Hilo hukuliandika.

Ungekuwa na fedha zako mkononi ningenyamaza. Hapana, nisingenyamaza, ningenung'unika kidogo na kuja harusini nimevaa vizuri. Ila mkopo wa miezi 24! Mwenye pete wangu alikuja usiku mmoja akamaliza. Wako atakuja kila tarehe ya mshahara, na nyumbani kwenu hakutakuwa na wanawake wa kulicheka jambo likapita. Cha kuazima kina mwenyewe, Masanja. Nilitaka kuandika "usinunue", nimelifuta neno hilo mara mbili, mama yako kaketi hapa anasema wewe ni mtu mzima. Sawa, ni mtu mzima.

Ukienda kununua, yoyote ile, mpime kidole jioni baada ya kazi, siku ya joto. Asubuhi vidole hudanganya. Chukua uzi, zungusha, kata, uache nafasi kidogo.

Mama yako anawasalimu wote wawili.

Baba yako