Mitume Kuuawa Kunathibitisha Nini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mhubiri wetu hufundisha kwamba mitume wote isipokuwa Yohana waliuawa, na hakuna anayekubali kufa kwa uongo alioutunga mwenyewe. Kwa hiyo ufufuo umethibitishwa. Mwenzangu kazini, Mwislamu, anasema hoja hiyo haina mashiko. Nimsikilize nani?
– Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Mwenzako yuko karibu zaidi na ukweli, ingawa mhubiri wako hajakosa yote.

Kinachonichosha ni ile orodha inayozungushwa WhatsApp kila Pasaka: Bartholomayo kachunwa ngozi, Tomaso kachomwa mkuki India, kana kwamba yote yamo katika Biblia. Hayamo. Kati ya wale 12, Agano Jipya linasimulia kuuawa kwa mmoja tu, Yakobo wa Zebedayo, tena kwa mstari mmoja (Mdo 12:2). Kuhusu Petro na Paulo, barua ya Klementi wa Roma, ya mwishoni mwa karne ya kwanza, inasema walivumilia mateso hadi mwisho, bila kueleza walivyokufa. Yakobo nduguye Bwana yumo kwa Yosefo, mwanahistoria Myahudi: alipigwa mawe mwaka 62. Waliobaki tunawapata katika vitabu vya baadaye sana, mfano Matendo ya Tomaso, ambamo hata punda anazungumza.

Lakini hata tukiikubali orodha nzima, bado kuna pengo. Hoja ile inamtaka mtu aliyemwona Yesu kwa macho yake, akaambiwa "kana uachiliwe", akakataa. Plinio, liwali wa Kirumi wa jimbo la Bithinia, alimwandikia Kaisari Trajano takriban mwaka 112 kwamba aliwahoji Wakristo hadi mara tatu. Waliong'ang'ania waliuawa, waliokana wakaachiwa. Hapo hiari ipo, ila hao hawakuwahi kumwona Yesu. Wale waliomwona, hakuna kumbukumbu ya kuaminika kwamba waliuawa baada ya kupewa nafasi hiyo. Hata wale waliouawa na Kaisari Nero baada ya moto wa Roma wa mwaka 64, mwanahistoria Mrumi Tasito hasemi popote kwamba aliyekana aliponea.

Tena, Kaisari Desio alipoamuru watu wote watoe sadaka kwa miungu, mwaka 250, Wakristo wengi walitoa, wengine wakanunua vyeti vya uongo kwamba wametoa. Kama damu ya mmoja inathibitisha, je, kukana kwa mwenzake kunabatilisha?

Mimi ningeanzia kwa Paulo mwenyewe, 2 Wakorintho 11: mara tano viboko arobaini kasoro kimoja, mara moja kupigwa mawe. Mtu huyo simwiti tapeli. Ila hoja inaishia hapo: aliamini kweli. Wapiganaji wa Maji Maji nao waliamini kweli walipozisogelea bunduki za rashasha za Wajerumani pale Mahenge, Agosti 1905, na maji hayakuzuia risasi.

Ukristo una hoja nyingine za kupimwa. Hii haiwezi kuubeba peke yake. Wanaoikuza hivi wanawazoesha waumini kuupima ukweli kwa wingi wa makaburi. Kule Shakahola, Kenya, mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, watoto wakiwemo, ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mhubiri yeyote anayekwambia kifo ndicho cheti cha imani, mwulize kwanza anasema nini kuhusu hao, kabla hujamkabidhi watoto wako Jumapili.