Jibu: Mama kaombwa namba ya Medicare kwa simu

Ndugu, mwambie mama asiitoe hiyo namba. Umesema aliyempigia anamwahidi mkanda wa mgongo wa bure, ila eti "athibitishe" kwanza namba ya kadi ya Medicare, ile bima ya afya ya serikali ya Marekani, hasa kwa wazee. Huo ni utapeli wa siku nyingi huko. Medicare haimpigii mtu simu ghafla kumuuzia kitu wala kumwomba namba, na mkanda wa aina hiyo huagizwa na daktari anayemtibu.

Hata asipokatwa senti mfukoni, namba ikishatoka matapeli wanaidai Medicare malipo ya vifaa na vipimo ambavyo hakuvipata (kipimo cha vinasaba cha kupangusa ndani ya shavu kimetumika sana). Baadaye akihitaji mkanda kweli, anaweza kukataliwa kwa sababu kumbukumbu zinaonyesha ameshapewa.

Kama ameshaitaja, awapigie Medicare wenyewe, 1-800-633-4227, aeleze na aombe namba mpya. Asione haya, matapeli hao wanaongea kwa adabu kuliko watoto wetu. Kisha kaeni pamoja msome taarifa ya matibabu anayotumiwa na Medicare, mstari kwa mstari, mkilinganisha na siku alizokwenda kliniki kweli.

Kubadilisha mpango wa bima hiyo, ulikouliza mwishoni: ni kati ya 15 Oktoba na 7 Desemba kila mwaka. Kila jimbo lina washauri wa SHIP, huduma ya kuwashauri watu kuhusu Medicare, ni bure na hawauzi bima. Mimi ningeanza na hao kabla ya kumsikiliza wakala wa bima yeyote, maana wakala analipwa kamisheni.