AC ya gari inapuliza joto? Usikimbilie kujaza gesi

Anayeendesha kati ya Moshi na Arusha mwezi wa pili anakijua kile kipande cha Boma Ng'ombe hadi njia ya uwanja wa ndege wa KIA. Jua halina adabu, vumbi nalo lipo, na ukishusha kioo unakula vyote viwili. Hapo ndipo AC huamua kupuliza joto. Ukiingia gereji, kabla hata boneti haijafunguliwa, jibu liko tayari: "Gesi imeisha hiyo, kaka. Tukujazie?"

Siku hizi nauliza kwanza: imeishaje? Gesi ya AC haichomwi kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa: kompresa inaibana, inapoa kwenye kondensa pale mbele ya rejeta, inapanuka na kuwa baridi nyuma ya deshibodi, halafu inarudi kwenye kompresa. Ni kweli gari la zamani hupoteza kidogo kidogo kwa miaka kupitia mipira na oringi, zile pete za mpira za kuziba maungio. Lakini gari lililokuwa likigandisha vidole Desemba na Februari linapuliza joto, ama lina tundu, ama shida yake si gesi kabisa. Ukijaziwa bila kutafutiwa tundu, Pasaka utarudi kununua gesi ileile.

Kwa hiyo anza mwenyewe nyumbani. Washa gari, weka AC kwenye baridi ya mwisho, feni juu, kisha bonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Usicheke, wapo wanaovuta hewa ya nje ya Moshi saa nane mchana halafu wanalaumu kompresa. Kama upepo wenyewe ni hafifu, chungulia filta ya hewa nyuma ya droo ya abiria. Kwa barabara zetu za vumbi, utatoa kitu kinachofanana na zulia.

Upepo ukiwa wa kutosha ila ni wa moto, fungua boneti na umwombe mtu azime na kuwasha AC huku unasikiliza. Kompresa yenye klachi (kifaa kinachoiunga na kuiachanisha na mkanda) hugonga "tak!" na mngurumo wa injini hubadilika kidogo. Iangalie kwa macho pia, mikono na nguo zikae mbali na mkanda. Puli ya nje huzungushwa na mkanda muda wote, lakini lile bamba dogo la mbele huzunguka pale klachi inaposhika tu. Likisimama wakati AC imewashwa, kagua fyuzi, kisha rilei, ile swichi ndogo ya umeme. Mara nyingi kwenye kisanduku hichohicho kuna rilei nyingine ya aina ileile, kwa mfano ya honi, unaweza kuzibadilishana kujaribu. Jirani yangu alishaambiwa anunue kompresa nzima, kumbe ni rilei. (Magari mengine mapya yana kompresa isiyo na klachi ya namna hii, hiyo "tak" hutaisikia.)

Kama fyuzi na rilei ni nzima na bamba bado limegoma, huenda gesi imepungua mno na swichi ya presha imekataa kuruhusu klachi. Imewekwa makusudi, kwa sababu mafuta ya kulainisha kompresa husafiri pamoja na gesi; gesi ikipungua mno, kompresa itazunguka kavu. Fundi akikwambia ataunga waya moja kwa moja airuke hiyo swichi, chukua ufunguo wako uondoke.

Langu mimi lilikuwa na tabia nyingine. Kutoka Usa River hadi Tengeru baridi safi, nikifika kwenye foleni ya kuingia mjini linapuliza joto, foleni ikitembea baridi inarudi. Dalili hiyo huelekeza kwenye kondensa: gari likikimbia upepo unaipoza, likisimama inategemea feni. Feni ilikuwa imekufa, na mapezi ya kondensa yameziba vumbi na wadudu. Nilibadilisha feni, nikasafisha kwa maji ya mpira wa kawaida. Ile presha ya sehemu za kuoshea magari ikisogezwa karibu huyalaza mapezi, upepo usipite tena.

Tundu lenyewe nilionyeshwa na fundi mtu mzima maeneo ya Unga Limited, kwenye gari la dada yangu. Hakugusa mtungi wa gesi. Alimulika tochi kwenye maungio ya mabomba, akasimama penye doa jeusi lenye ukubwa wa sarafu, vumbi limenata juu yake kama unga uliomwagikiwa mafuta. "Kijana, gesi ikitoka hutoka na mafuta. Tafuta palipochafuka peke yake." Akapaka povu la sabuni, vipovu vikaanza kuchomoza kimoja kimoja. Ilikuwa oringi tu.

Baada ya kuziba ndipo gesi inajazwa, na hapo simama karibu uangalie. Lazima mfumo uvutwe kwa pampu ya vakyumu, angalau nusu saa, kuondoa hewa na unyevu. Kisha gesi ipimwe kwa mizani. Kiasi na aina vimeandikwa kwenye stika chini ya boneti, kwa gramu. Magari mengi ya mtumba tunayoendesha hutumia R134a, mapya zaidi R1234yf, na hazichanganywi. Anayetaka kukuwekea gesi ya kupikia mkimbie, bomba likipasuka nyuma ya deshibodi unakuwa umekaa na moto.

Geji ya presha peke yake hudanganya. Gari likiwa limezimwa na hewa ni nyuzi 25, R134a husoma karibu psi 80 pande zote mbili, wa presha ya chini na wa presha ya juu, iwe imejaa au imebaki nusu. Presha zisomwe kompresa ikifanya kazi. Zote mbili zikiwa chini, gesi ni pungufu. Zote zikiwa juu, kondensa haipoi au umejaziwa kupita kiasi. Upande wa chini ukipanda na wa juu ukashuka, kompresa yenyewe imechoka, na hapo ndipo pochi inapolia.

Wa Arusha mna jambo lenu. Kuanzia Juni mnazima AC hadi Septemba kwa sababu ya baridi, na sili ya kompresa inakauka kwa kukosa mafuta. Iwasheni dakika kumi kila wiki hata Julai, pamoja na hita. Hukausha hewa, na ule ukungu wa ndani ya kioo cha mbele asubuhi unatoka bila kufuta kwa kiganja.